Acha vichwa, beba moshi: mwongozo wa kucheza sapoti ukiwa Kisumu, Kakamega au Nakuru

Skwodi nyingi zina watu wanne na kazi moja. Wote wanne wanasaka vichwa, yaani idadi ya maadui waliowaua, wote wanne wanakimbilia mlio wa kwanza wa bunduki, na mechi inaisha mapema huku mmoja akiwa na vichwa vitano na picha ya skrini ya kutuma kwenye WhatsApp. Ukifungua mifuko yao wakati huo, hukuti kopo hata moja la moshi wa kujifichia. Mwongozo huu ni wa yule mtu wa nne ambaye yuko tayari kufanya kazi tofauti: sapoti, yaani kuwatibu, kuwaficha na kuwalinda wenzake. Tumewafikiria zaidi wanaocheza kwa simu, yaani PUBG Mobile, Free Fire na Call of Duty: Mobile. Mwishoni kuna neno fupi kwa wanaocheza kwa kompyuta.

Kwanza, hesabu ya pingi

Kucheza sapoti kunasifiwa mara nyingi kama tabia njema ya kujitolea. Kwa mchezaji wa huku kwetu kuna sababu nyingine, nayo ni ya kimaumbile: pingi, yaani milisekunde ambazo amri ya simu yako huchukua kwenda kwenye seva na kurudi. Kenya imeunganishwa na dunia kwa nyaya za chini ya bahari zinazotua Mombasa: TEAMS na SEACOM tangu 2009, EASSy tangu 2010. Risasi unayopiga ukiwa Kondele, Kisumu, kwa kawaida husafiri hadi Pwani kwanza, ndipo izame baharini kuitafuta seva iliyo Ghuba au Ulaya. Mwanga ndani ya nyaya hizo huenda takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Maana yake, kila kilomita 1,000 za waya huongeza milisekunde 10 za kwenda na kurudi. Seva ikiwa kilomita 10,000 kutoka kwako, milisekunde 100 zimekwenda kabla mnara wa simu wa mtaani haujaongeza zake, na jioni watu wakiwa wengi mtandaoni mnara huo huongeza bila huruma.

Sasa linganisha. Bunduki ya M416 ikishikwa na mtu anayeijua inakuangusha chini ya sekunde moja. Katika pambano la namna hiyo, mpinzani anayeishi karibu na seva anakuona akitokeza kwenye kona kabla picha yake haijafika kwenye simu yako. Utalia kwamba ulikuwa umeshajificha, na kwenye skrini yako kweli ulikuwa umeshajificha. Lakini kumwinua mwenzako aliyeangushwa kabla hajafa huchukua sekunde 10. Kutumia kisanduku cha huduma ya kwanza huchukua sekunde 6. Kumwambia mwenzako adui yuko wapi huchukua sekunde 2 au 3. Kwa kazi zinazopimwa kwa sekunde nzima, pingi ya 150 haikupunguzii kitu cha maana. Ndiyo maana tunasema sapoti ndiyo nafasi ambayo mchezaji wa Nyalenda, Kisumu, anaweza kuicheza sawasawa na yule wa Dubai.

Hata hivyo usiiache pingi ikae ilivyo. Jaribu seva ya Mashariki ya Kati kabla ya ile ya Ulaya, cheza mechi kadhaa kwenye kila moja saa zile zile za jioni, kisha ubaki na ile ambayo namba yake haipandi na kushuka ovyo. Pingi ya 140 iliyotulia ni bora kuliko inayoruka kati ya 90 na 300, kwa sababu mkono huzoea ucheleweshaji usiobadilika. Zima masasisho ya programu na upakuaji wa picha za WhatsApp wakati wa mchezo. Kama mnacheza wanne kwa hotspoti ya simu moja, msishangae mkisita wote kwa pamoja. Gawanyeni wawili wawili kwenye laini mbili.

Na joto la Kisumu lihesabu. Simu ikichemka hujipunguzia kasi yenyewe, fremu zinashuka, na dakika za mwisho za mechi, ambazo ndizo zenye maana, unazicheza kama mtu anayetazama picha za mnato. Weka grafiki kwenye kiwango cha chini kabisa, chagua kasi ya fremu ambayo simu yako inaweza kuihimili mechi nzima badala ya ile ya juu inayodumu dakika tano, vua kava, na usicheze simu ikiwa kwenye chaji. Mtu wa sapoti asiyeiona ramani vizuri hana anachosaidia.

Mfuko wako

Hapa tunazungumzia PUBG Mobile, ingawa wazo ni lile lile kwingine. Jua kwanza kila kitu kinafanya nini na kinakula muda gani, maana sapoti ni hesabu ya muda.

Bendeji huchukua sekunde 4 na kurudisha damu kidogo, asilimia 10 hivi. Kisanduku cha huduma ya kwanza huchukua sekunde 6 na kukufikisha asilimia 75, basi, hakipiti hapo. Medikiti peke yake ndiyo hujaza yote, na ni adimu, kwa hivyo usiitumie ukiwa umepungukiwa kidogo tu. Kutoka 75 kwenda juu unapandishwa polepole na vinywaji vya nguvu na dawa za maumivu: kinywaji kimoja huongeza 40 kwenye mstari wa nguvu, dawa 60, sindano ya adrenalini 100. Mstari huo ukivuka 60, unakimbia haraka zaidi pia. Kwa hiyo mtu wa sapoti hanywi baada ya kupigwa. Anakunywa kabla, akiwa bado mzima, anapojua kwamba dakika ijayo atalazimika kuvuka uwanda.

Kama mgao wa kuanzia, ukiwa na begi la daraja la pili: makopo 4 au 5 ya moshi, guruneti 2, visanduku 4 vya huduma ya kwanza, bendeji 5, vinywaji 4, dawa za maumivu 2, na risasi 150 hadi 180. Wachezaji wengi hubeba risasi 300 na kopo moja la moshi, halafu wanakufa wakiwa na risasi 240. Hizo 240 zilikuwa nafasi ya makopo kadhaa.

Chagua bunduki inayotumia risasi sawa na angalau mmoja wa wapigaji wako. Kama wawili wana M416 au SCAR-L, nawe chukua ya 5.56. Ukichukua AKM au Beryl M762 kwa sababu inauma zaidi, risasi zako za 7.62 hazimsaidii yeyote akikaukiwa. Lenzi za mbali, zinazokuza mara 4 na mara 6, wape wapigaji bila kuombwa. Wewe lenzi ya 2 au 3 inakutosha, kwa sababu unahitaji kuona upana wa uwanja kuliko kuona uso wa adui.

Gawa mapema. Kosa la kawaida la sapoti mpya ni kujigeuza ghala: anabeba visanduku tisa, anangoja aombwe, kisha anaangushwa wa kwanza na kila kitu kinabaki chini mbele ya bunduki za maadui. Kila zoni mpya, yaani duara salama la kuhamia, inapotangazwa, simameni mahali palipofichika kwa sekunde 15 na kila mtu ataje alichonacho cha tiba na moshi. Hakuna aondoke na kisanduku chini ya viwili.

Simama wapi

Usimfuate mpigaji wako kama kivuli. Ukiwa mita mbili nyuma yake, guruneti moja inawachukua wote wawili, na adui aliyemwona yeye amekuona na wewe. Kaa mita 15 hadi 20 nyuma, tena pembeni, si kwenye mstari mmoja. Akitazama upande wa kulia wa jengo, wewe tazama wa kushoto. Akisonga mbele, wewe simama na utazame. Akisimama, wewe songa. Mkiwa wawili mnaotembea kwa wakati mmoja, hakuna anayetazama.

Faida ya umbali huo inaonekana pale mwenzako anapoangushwa. Aliyempiga amejionyesha, amepunguza risasi kwenye magazini, na huenda naye damu imepungua. Una sekunde mbili au tatu za kumpiga kabla hajarudi mafichoni. Hapa pingi haikuumizi sana kwa sababu unajua tayari yuko wapi. Huna haja ya kushindana kwa wepesi wa kushtuka. Wanaodhani sapoti ni kuacha kupiga wanakosea hapa. Sapoti anapiga sana, ila anapiga mtu ambaye tayari anashughulishwa na mwingine.

Jambo la pili kuhusu kusimama, na linatokana na ile hesabu ya pingi: usikae ukilenga kona ukimsubiri adui atokeze. Kwa ucheleweshaji wetu, anayetokeza humwona anayengoja kabla hajaonekana. Kama ni lazima mlinde mlango, simameni wawili kwenye pembe tofauti ili akimwona mmoja awe amempa mwingine mgongo au ubavu. Ukiwa peke yako, badilisha mahali kila sekunde chache.

Kuinua mwenzako

Hii ndiyo kazi inayoharibiwa kuliko zote. Mwenzako anaanguka, anapiga kelele kwenye maiki, na wewe unakimbia moja kwa moja hadi alipo, unapiga magoti na kuanguka juu yake. Sasa skwodi ina watu wawili na moyo umeshavunjika. Fuata mpangilio huu.

Kabla ya hatua yoyote, jua risasi ilitoka wapi na adui yuko umbali gani. Mtu anayekimbia kwenye PUBG huenda takriban mita 6 kwa sekunde. Kuinua ni sekunde 10. Kwa hiyo adui aliye ndani ya mita 60 anaweza kukufikia kabla hujamaliza, na aliye mita 30 atakufikia ukiwa nusu. Kama yuko karibu kiasi hicho, kazi ya kwanza ni yeye, si aliyeanguka. Mpige, au mwambie mwenzenu wa tatu amfyatulie risasi za kumnyima nafasi ya kutoa kichwa. Ukimwangusha huyo adui, muda umeupata.

Pili, mwambie aliyeanguka atambae kuja kwako, nyuma ya jiwe, mti au ukuta ulio karibu. Mita tatu za kutambaa zinaweza kukuokolea makopo mawili. Watu husahau kwamba aliyeangushwa bado ana miguu na mikono. Wao wanamlaza tu pale kama gunia la mahindi.

Tatu ni moshi, na hapa ndipo penye ufundi. Kopo la kwanza halitupwi juu ya mwenzako. Linatupwa kati yake na adui, karibu zaidi na upande wa adui, ili pazia lianzie mbali na kuficha eneo pana nyuma yake. La pili ndilo linaangukia alipo. Moshi hautandi papo hapo. Kopo likitua, hesabu sekunde tatu hadi nne ndipo uingie. Wengi huingia moshi ukiwa bado kama wa sigara, wanaonekana wakikimbia, na adui anakumbuka hasa walikoelekea. Ukiwa na kopo la tatu, litupe mita 15 pembeni, mahali ambapo hamtakuwa. Adui akiona mawingu mawili lazima agawanye risasi zake.

Ukishaingia, kumbuka kwamba adui mwenye akili hupuliza risasi katikati ya moshi, kwa sababu watu hujazana katikati. Mwinue mwenzako ukingoni mwa wingu, upande ulio mbali na adui, na ikiwezekana nyuma ya kitu kigumu. Moshi huzuia macho tu, risasi zinapita kama kawaida.

Nne, hesabu muda wote, si wa kuinua peke yake. Aliyeinuliwa anasimama akiwa na damu kidogo sana. Risasi moja inamrudisha chini. Sekunde 10 za kuinua, 6 za kisanduku, na 4 za kinywaji ni 20. Je, moshi wako utakuwa umebaki? Kama una shaka, tupa kopo jingine mara tu anaposimama, kabla hajaanza kujitibu. Wewe usianze kujitibu wakati huo huo. Simama umlinde, kisha mbadilishane.

Ukisikia hatua za miguu ukiwa sekunde ya 7, acha. Inauma, kwa sababu ukikatiza unaanza upya kutoka sifuri, na ndiyo maana watu hung'ang'ania. Lakini sekunde tatu za mwisho ukiwa umepiga magoti bila bunduki mkononi ni zawadi kwa adui. Simama, pigana, kisha rudi.

Na kuna wakati usimwinue kabisa. Kama yuko wazi katikati ya uwanda na huna moshi, kama zoni inamla kwa kasi kuliko utakavyoweza kumtibu, au kama ameangushwa mara ya tatu: kila anguko damu yake ya chini huisha haraka zaidi kuliko la awali, kwa hivyo dirisha lako limekuwa dogo. Mwambie wazi: "Pole, siwezi kufika." Mchezaji mwelewa ataitumia nafasi aliyobaki nayo kukutajia anachokiona.

Kusema kinachosaidia

"Huyo! Huyo hapo! Pale pale, msee, unamwona?" Hakuna aliyemwona. Kiswahili chetu cha kwenye maiki kimejaa "hapa", "pale" na "huku", maneno yanayohitaji kidole cha kuonyeshea. Juu ya skrini kuna dira yenye namba. Isome.

Ripoti nzuri ina vitu vinne kwa mpangilio huu: wangapi, namba ya dira, wako kwenye nini, na hali yao. "Omera, wawili, 240, nyuma ya jiwe kubwa, mmoja nimemvunja vesti." Sekunde tatu, na kila mtu anajua pa kugeukia. Namba ya dira hutofautiana kidogo mkiwa mmesimama mbalimbali, kwa hivyo ongeza alama kwenye ramani kama kidole kiko huru. Ukiwa na wageni wasiojua Kiswahili wala Kiingereza, alama hizo na ujumbe wa haraka ulio tayari kwenye gemu ndiyo lugha yenu. Pangilia gurudumu la ujumbe wako liwe na "adui mbele", "nahitaji tiba", "nakulinda" na "turudi nyuma", ufute salamu na vichekesho.

Nyamaza wakati mwenzako anasikiliza hatua. Ukifa, toa taarifa moja ya aliyekuua kisha funga maiki, hata kama una mengi ya kusema. Na tumia kitufe cha kubonyeza ndipo usikike, badala ya maiki iliyo wazi muda wote. Mvua ya Kakamega ya saa kumi jioni ikipiga mabati, maiki iliyo wazi huwafanya wenzako watatu wasisikie kitu kingine. Siku kama hiyo vaa vipokea sauti, funga maiki yako, bakia kwenye alama. Radi zikianza, chomoa chaja ukutani.

Gari

Mtu wa sapoti ndiye dereva mzuri, kwa kuwa dereva hapigi risasi. Egesha gari likiwa ubavu kwa adui ili liwe ukuta, shukeni upande wa pili. Mkijua hamwondoki hapo, pasueni matairi wenyewe: gari linashuka chini na risasi hazipiti tena uvunguni kuwapiga miguu. Likianza kutoa moshi mweusi na moto, kimbieni. Msimwinue mtu kando yake.

Call of Duty: Mobile

Humu aliyeangushwa hatambai wala hainuliwi kwenye mechi za kawaida, kwa hivyo sapoti inahamia kwenye eneo na muda. Chukua mfano wa Hardpoint, aina ya mechi ambamo timu hupata pointi kwa kukalia kituo. Kituo cha kukalia huhama kila sekunde 60, na mpangilio wa vituo ni ule ule kila mechi kwenye ramani hiyo. Wasaka vichwa hupigania kituo cha sasa hadi sekunde ya mwisho, kisha hukimbilia kipya wakakuta adui ameshajipanga. Wewe ondoka zikibaki sekunde 15 hadi 20, hata kama kituo cha sasa bado ni chenu. Utapoteza pointi chache na kupata dakika nzima. Kariri vituo vya ramani mbili tu kwanza.

Kazi ya pili, ambayo hakuna atakayekupongeza kwayo, ni kushika mgongo. Gemu huwaweka wachezaji waliofufuka mbali na maadui wao. Mkiwepo mmoja wenu nyuma ya kituo kwenye upande mnaoutaka, wenzako watafufukia karibu. Ukisonga mbele hadi nyumbani kwa maadui kutafuta vichwa, maadui hao watafufukia kwingine, mara nyingi mgongoni pa timu yako. Kwenye Domination kosa ni lile lile: mnashika bendera mbili kati ya tatu, mmoja anakwenda kuchukua ya tatu, sehemu za kufufukia zinageuka na mnapoteza zote. Bendera mbili zinatosha kushinda. Kaeni nazo.

Vifaa: Trophy System iweke ndani ya kituo kabla hujakaa, iharibu guruneti zinazorushwa humo. Kwenye zawadi za pointi chagua UAV (ndege ya upelelezi) na ya kuizima UAV ya adui, badala ya silaha kubwa za gharama. UAV inaonyesha maadui kwa timu nzima, na pointi za kuipata zinatokana pia na kukaa kituoni. Kwenye uwanja wa watu 100 wa gemu hiyo kuna daraja la Medic lenye kituo cha tiba. Kiweke nyuma ya ukuta mnapokwenda kurudi, si mahali mnapopigania.

Free Fire

Mechi ni fupi, watu 50, na kila kitu hutokea karibu, kwa hivyo ukuta wa gloo, unaousimamisha papo hapo kwa kuurusha, unachukua nafasi ya moshi. Beba nyingi kuliko unavyoona ni busara. Mwenzako akianguka, ukuta wa kwanza unasimama upande wa risasi, karibu naye kiasi cha kumfunika mwenyewe, si mita tano mbele ambako adui ataupita kwa ubavu. Wa pili unafunga ubavu huo. Acha upande mmoja wazi wa kutokea, maana kuna watu hujijengea kaburi. Mhusika Alok hutibu walio karibu naye huku akiwaongezea kasi. Dimitri huweka eneo la tiba ambamo walioanguka wanaweza kujiinua wenyewe. Wote wawili hawana maana kama wenzako wametawanyika, kwa hivyo tangaza kabla ya kubonyeza. Viwango vyao hubadilishwa kwenye masasisho. Soma maelezo ya mhusika kila toleo jipya likija.

Kwenye kompyuta

Counter-Strike 2 ni shule nzuri ya sapoti kwa sababu bei ziko wazi. Kwa pesa za ndani ya gemu, bomu la mwanga ni dola 200, la moshi 300, kifaa cha kutegua bomu 400. Kifaa hicho hupunguza kutegua kutoka sekunde 10 hadi 5, na bomu hulipuka baada ya sekunde 40. Timu inayolinda ikikosa hata kifaa kimoja inajinyima sekunde tano. Rusha mwanga ukiwa nyuma ya mwenzako, upite juu ya kichwa chake na kupasukia mbele, na umwambie "sasa" kabla haujapasuka ili asiutazame. Kwenye Valorant chagua Controller (wanaoziba macho ya adui kwa moshi) au Sentinel (walinzi wa eneo). Overwatch, kwenye mechi za watano kwa watano zenye kazi zilizopangwa, imetenga nafasi 2 kati ya 5 kwa sapoti, na kosa kubwa humo ni kumtazama mtu mmoja tu mwenye damu kidogo huku wewe mwenyewe ukivamiwa kwa nyuma.

Mazoezi na kujipima

Ingia uwanja wa mazoezi wa PUBG Mobile, chagua mti ulio mita 20 na mwingine mita 40, urushe makopo 10 kwa kila mmoja, umesimama na umechuchumaa. Kisha rudia ukirusha juu ya ukuta. Hadi kopo liangukie ndani ya hatua mbili za mti mara 8 kati ya 10, usihamie kitu kingine. Dakika 15 zinatosha, na hazili bando kubwa.

Baada ya kila mechi, ukurasa wa matokeo una namba nyingine kando ya vichwa: mliomaliza nafasi ya ngapi, umeinua wangapi, umeumiza kiasi gani, umeishi dakika ngapi. Zisome kwa pamoja. Ukiwa umeinua watu wengi na bado mnamaliza mapema, tatizo liko kabla ya kuanguka: wapigaji wako wanatokeza bila taarifa, au unakaa mbali mno kulipiza. Umeinua wachache na wewe ndiye wa kwanza kufa: uko karibu mno, rudi zile mita 15. Umeishi hadi mwisho peke yako mechi tatu mfululizo, wenzako wote wamekwisha: unajificha, na mfuko wako bado una makopo yaliyopaswa kutumika. Na kama umeumiza maadui kidogo sana huku wenzako wakilalamika kwamba wanapigana watatu, weka kisanduku chini, shika bunduki, piga yule anayepigwa na mwenzako.